Aksolotli mdogo haeleweki? Anza na maji kabla hujamgusa mwenyewe

Kama umekuja hapa mbio mbio sababu aksolotli wako mdogo (huyu ni amfibia wa majini, sio samaki) anaelea, hataki kula au ana vitu vyeupe kwenye matamvua (yale ya kupumulia pembeni ya kichwa) na ndo mara yako ya kwanza kufuga, tulia kwanza, dawa weka pembeni. Dalili nyingi za watoto wa aksolotli zinaanzia kwenye maji: ama ya moto sana kwake, ama yana amonia, ama klorini haijatoka, ama filta inayasukuma kwa nguvu kuliko anavyoweza kuvumilia. Zinazobaki nyingi ni za chakula. Magonjwa yenyewe yapo, sikatai, ila mara nyingi yanamkuta mnyama ambaye maji yashamchosha, kwa hiyo ukitibu ugonjwa maji ukayaacha vilevile unarudi palepale baada ya muda mfupi na safari hii mnyama ni dhaifu zaidi.

Kwa hiyo hapa chini nitaenda dalili kwa dalili lakini kila moja itakurudisha kwenye vipimo, utanisamehe, ndivyo ilivyo.

KABLA YA DALILI YOYOTE, PIMA

Unahitaji themomita na vipimo vya maji vya matone, vile unavyoweka maji kwenye kichupa cha kioo, unadondoshea dawa, unasubiri rangi. Vile vya karatasi za kuchovya mimi siviamini, rangi zake zinagombanisha watu na vingi havipimi amonia kabisa, na amonia ndo kitu unachotaka kukijua kuliko vyote.

Majibu unayotafuta: joto nyuzi 16 mpaka 18, amonia 0, nitriti 0, nitrati isizidi 20 hivi (namba hizi ni miligramu kwa lita, kwenye vipimo huandikwa ppm), pH kati ya 7 na 8. Soma vizuri hapo, nitriti na nitrati ni vitu viwili tofauti, nitriti ni sumu hata ikiwa kidogo, nitrati ni mabaki tu ambayo unayapunguza kwa kubadilisha maji kila wiki. Kwenye joto, 20 bado anavumilia, ikipita 22 na kukaa hapo siku kadhaa ameshaanza kuteseka hata kama haonyeshi, na 24 kwenda juu ni hatari kabisa. Asili yake ni Xochimilco kule Mexico, maji ya nyanda za juu, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Sio mnyama wa joto huyu. Hita haihitajiki, na kama aliyekuuzia alikupa hita kwenye seti basi hiyo ichomoe leo.

Maji kuonekana masafi hakukwambii kitu. Amonia haina rangi na kwa viwango vinavyomuumiza hutaisikia hata harufu.

AMONIA AU NITRITI SIO 0

Hii ndo inayowakuta wengi wanaoanza kwa sababu tangi na mnyama vinanunuliwa siku moja. Amonia inatoka kwenye kinyesi, kwenye mabaki ya chakula na kwenye matamvua yake mwenyewe anapopumua. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi ndani ya sponji ya filta na kwenye kuta, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti na lingine linageuza nitriti kuwa nitrati. Tangi jipya halina hao bakteria. Kuwakuza kunachukua kama wiki 4 mpaka 8, na unafanya hivyo mnyama akiwa hayupo humo: unaweka amonia ya chupa mpaka kipimo kisome 2, unasubiri, unaongeza tena ikiisha, na siku ukiweka 2 ukakuta baada ya saa 24 amonia 0, nitriti 0 na nitrati imepanda, hapo tangi limeiva.

Sasa wewe mnyama unaye tayari. Afanyweje? Mtoe, akae kwenye beseni huku tangi linaendelea kukomaa bila yeye. Watu wanaona beseni kama adhabu lakini kwa mtoto wa sentimita 6 au 7 mimi naona ni bora kuliko tangi hata likiwa limekomaa, unaona kila alichokula na kila alichonya, na chakula hakimpotei.

Beseni liwe la plastiki ya kuwekea chakula, ambalo halijawahi kuona sabuni. Lita tano hivi za maji yaliyotolewa klorini, joto sawasawa na la alikotoka, kifuniko chenye matundu maana wanaruka kweli, na kitu cha kujifichia. Maji yanabadilishwa yote kila siku, sio nusu, yote. Njia rahisi ni kuwa na mabeseni mawili, hili unaandaa lile analala, alafu unamhamisha kwa kumchota na kikombe pamoja na maji yake. Usimshike kwa mkono, ngozi yake ina ute unaomlinda na mkono mkavu unautoa, na zile nyavu za samaki zinanasa vidole vyake na matamvua.

Kuhusu klorini, kuacha maji kwenye ndoo usiku kucha kunasaidia kama maji yako yana klorini tu, ila sehemu nyingi siku hizi wanatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Tumia dawa ya kuondoa klorini, ile isiyo na alovera wala vitu vya kuongeza ute, hizo zilitengenezwa kwa ajili ya samaki. Kitu kingine kinachochanganya watu, kama maji ya bomba yana kloramini, ukishaweka dawa kipimo kinaweza kuonyesha amonia kidogo hata kwenye maji mapya kabisa. Pima maji ya bomba peke yake mara moja ujue, usije ukalilaumu tangi bure.

Na usioshe sponji ya filta kwenye bomba. Unaua bakteria wote halafu unaanza moja. Ikamue kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe wakati unabadilisha maji.

HATAKI KULA

Kama kafika nyumbani jana au juzi, mwache. Siku mbili tatu za mwanzo wengi hawali, wamesafirishwa, maji mengine, mwanga mwingine. Zima taa, mpe pa kujificha, jaribu tena jioni.

Kama alikuwa anakula akaacha, angalia joto kwanza. Maji yakipanda anaacha kula, na yakishuka sana (nyuzi 10, 12) anapunguza pia ila hapo ni mwili tu umepunguza mwendo, sio ugonjwa. Joto liko sawa na amonia 0? Basi tuje kwenye chakula chenyewe, na hapa kuna mambo mengi kuliko watu wanavyodhani.

Mtoto mdogo sana, chini ya sentimita 5 hivi, anakula kinachotembea. Ukimwekea peleti imekaa chini haioni kama ni chakula, atakufa njaa peleti ikiwa mbele ya pua. Huyo anataka artemia waliototolewa (vijidudu vya maji ya chumvi), dafnia (viroboto wa maji), au viminyoo vidogo vilivyo hai. Artemia uwasuuze kwanza kuondoa yale maji ya chumvi, na kumbuka kwenye maji yasiyo na chumvi wanakufa baada ya saa chache, hao waliokufa wakibaki ndo amonia yako ya kesho, kwa hiyo wanyonye na sirinji kubwa baada ya mlo. Akianza kukua unamzoesha vitu visivyotembea. Shika kipande na kibano cha plastiki chenye ncha butu, kitingishe taratibu pembeni ya mdomo wake, sio mbele moja kwa moja, maana anashtuliwa zaidi na kitu kinachopita kando. Utaona anageuza kichwa polepole, anasimama kabisa kama amesahau alichotaka, alafu ghafla mdomo unafunguka na kile kipande kinapotea pamoja na maji. Hatafuni, anavuta tu. Meno yake ni madogo mno, ni ya kushikilia tu.

Kwa sababu anameza kizima, ukubwa ni muhimu: kipande kisizidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Nyungunyungu ndo chakula bora cha kumlea, vikatwe vipande. Kama anavishika nyungunyungu alafu anavitema na kutikisa kichwa, angalia ni aina gani, wale wekundu wembamba wa kwenye mboji wanatoa majimaji machungu wakiguswa na aksolotli wengi wanawakataa. Tafuta aina nyingine au wachovye kwenye maji ya moto sekunde chache kisha wasuuze. Wale wa kuchimba nje ni sawa kama una uhakika udongo haujapigwa dawa.

Vile viminyoo vyekundu vinavyouzwa vimegandishwa viwe nyongeza tu, virutubisho vyake havitoshi kumkuza na mtoto aliyezoeshwa hivyo peke yake anakataa vingine, anakuwa na kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Samaki wadogo wa kulisha usimpe, wanaleta vimelea na wengine wana kitu mwilini kinachoharibu vitamini B1.

Kipimo changu cha haraka cha kama anakula vya kutosha: mwangalie kutoka juu. Tumbo likiwa na upana sawa na kichwa, yuko vizuri. Jembamba kuliko kichwa, ongeza. Mtoto mpaka sentimita 7 au 8 ale mara mbili kwa siku, akipita hapo mara moja kwa siku, akifika sentimita 15 na kitu unaweza kwenda siku moja ndiyo moja hapana.

ANAELEA

Swali la kwanza, akitaka kushuka anashuka? Kama anaelea katikati ya maji mikono imetanuka, ukimkaribia anazama mwenyewe na kwenda kujificha, hana shida yoyote, watoto wanafanya hivyo sana, wanaupenda huo mchezo. Shida ni yule anayehangaika kushuka, anapiga mkia, akiacha anarudi juu, au nyuma imeinuka kichwa kiko chini.

Mara nyingi ni hewa. Kameza hewa wakati anakula juu ya maji, au kamezea wakati anavuta pumzi maana huwa wanapanda juu kupiga pafu moja na kushuka. Inatoka yenyewe, siku moja mbili. Punguza kina cha maji kwenye beseni mpaka afike chini na miguu bila kupigana, mgongo uwe umefunikwa, usimlishe siku hiyo.

Ya pili ni choo. Kala vingi au kala kikubwa, hajanya siku kadhaa, tumbo limevimba. Tiba ni ileile, maji baridi, masafi, ya kina kifupi, bila chakula, subiri. Hapa kuna ushauri unaozunguka wa kumtia kwenye friji nyuzi 5 mpaka 8 ili asukume choo. Kwa mtoto usifanye hivyo. Hata kwa mkubwa watu wanabishana, mdogo hana akiba mwilini ya kuhimili.

Ya tatu ndo mbaya, kameza jiwe. Kama chini ya tangi kuna kokoto, hii ni ya kuifikiria mapema sio mwisho, sababu anavuta chakula pamoja na chochote kilicho karibu na kitu chochote kidogo kuliko kichwa chake kinaingia. Mtoto akae kwenye tangi tupu chini, bila mchanga wala kokoto, mpaka afike sentimita 15 hivi, ndo umwekee mchanga laini kabisa kama unataka. Akiwa na jiwe ndani, hajanya, hali, na anaelea au kalala upande mmoja, huyo wa daktari.

Kuelea kunakoambatana na ngozi kubabuka au matamvua kujikunja sio tumbo, rudi kwenye vipimo.

MATAMVUA

Hapa ndo pa kumsoma mnyama kila asubuhi. Yakiwa yamelegea nyuma na manyoya yake yamejaa, sawa. Yakijikunja kuelekea mbele usoni na kubaki hivyo ana stresi, na sababu ni tatu kwa kawaida: maji machafu, joto, au mkondo wa filta. Ya mkondo ni rahisi kujua, ukiona mmea au uzi wa kinyesi unasukumwa na maji tangini basi mkondo ni mkali. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inamtosha mtoto, hizo za kuning'iniza nje zizuie mdomo na sponji. Ncha ya mkia ikijikunja kama ndoano inasema kitu hicho hicho.

Yamepauka alafu ana mwendo wa polepole: amonia, nitriti, au amefanya tu kulala muda mrefu. Mwamshe kidogo, akitembea damu inarudi yanakuwa mekundu, basi ni usingizi. Yasipobadilika pima.

Manyoya yamepungua, yamebaki vijiti: ama maji yamekuwa mabaya kwa muda, ama mwenzake ameyala. Yanaota tena. Na kuna wengine wana matamvua mafupi tu toka kuzaliwa na wako salama, usimlinganishe na wa kwenye picha.

MGUU HAUPO

Kama wanakaa wawili au zaidi, jibu unalo. Watoto wa aksolotli wanaumana, hasa kuanzia miguu inapoota mpaka wafike sentimita 12 au 15 hivi, na sio ugomvi, ni kwamba kitu kidogo kimepita mbele ya mdomo kikitembea. Kuwalisha sana kunapunguza ila hakumalizi. Watenganishe, kila mtu na beseni lake, na baadaye ukiwaunganisha wawe wa ukubwa unaolingana.

Jeraha lenyewe usiliguse, usipake kitu. Maji ya baridi, masafi, ya kubadilishwa kila siku, chakula cha kutosha. Baada ya siku chache pale palipokatika panaziba, panatokea kinundu cheupe chenye kung'aa, kinarefuka, kinakuwa bapa mbele, alafu vinachomoza vidole. Vinne mbele, vitano nyuma. Kwa mtoto inachukua wiki kadhaa, kwa mkubwa ni miezi. Mara nyingine mguu unarudi na kidole cha ziada au umepinda kidogo, hamna neno, anautumia. Cha kuangalia ni kama kwenye kidonda panaota pamba, hiyo inafuata.

PAMBA NYEUPE

Vitu vyeupe vyenye nyuzi nyuzi kwenye matamvua au kwenye kidonda ni fangasi. Vimelea hivyo vipo kwenye maji siku zote, vinashika mnyama aliyechoka au aliyejeruhiwa, na vinapenda maji ya uvuguvugu na mabaki ya chakula. Kabla hujasema fangasi hakikisha sio uchafu uliokwama, mpulizie maji kidogo na sirinji kwa mbali, uchafu unaondoka, fangasi inabaki inapepea.

Kama ni kidogo, beseni, nyuzi 16, maji mapya kila siku, na majani makavu ya mkungu yaliyooshwa uyaweke humo. Yanatoa rangi ya kahawia na tanini inayopunguza fangasi, hayaunguzi ngozi. Wengi wanapona kwa hayo tu. Bafu za chumvi zinafanya kazi lakini zinachubua matamvua na kwa mtoto mimi sizishauri isipokuwa umeelekezwa na anayejua. Na dawa za fangasi za samaki uzisome lebo neno kwa neno, yenye shaba ndani inaweza kumuua. Aksolotli anapitisha vitu kwenye ngozi kuliko samaki, kwa hiyo dozi ya samaki sio dozi yake. Dawa yoyote iwekwe kwenye beseni, kamwe isiwekwe kwenye tangi, inaua bakteria wa filta na unaanza upya na amonia.

MFANO WA KUUNGANISHA DALILI

Tuseme mtoto wa sentimita 8, matamvua mbele, juzi kala nusu, leo hajala, ngozi mgongoni kama ina utando unaotoka vipande vipande. Maji yanameta. Mtu wa kwanza atakwambia fangasi, wa pili atakwambia minyoo. Unapima: joto 23, amonia 0.5, nitriti 0, pH 8.

Hiyo 0.5 inaonekana ndogo lakini amonia inakuwa na sumu kali zaidi kadiri pH na joto vinavyopanda, kwa hiyo 0.5 kwenye pH 8 na nyuzi 23 ni tofauti kabisa na 0.5 kwenye pH 7 na nyuzi 16. Juu ya hapo maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na yeye akiwa kwenye joto anahitaji nyingi zaidi. Utando unaotoka ni ule ute wa ngozi unaoungua. Hataki kula sababu maji yanamuumiza. Hakuna dawa humo, dalili zote tatu zina chanzo kimoja. Beseni leo hii, joto la beseni lianze 22 lishushwe taratibu kwa siku kadhaa mpaka 17, 18, usimtumbukize kwenye baridi ghafla, na alishwe tena akianza kutembea. Kama ulishabadilisha chakula, ukaweka dawa na ukahamisha filta siku moja, hutajua kamwe kipi kilimsaidia na kipi kilimuumiza, ndo maana nasema badilisha maji, mengine yasubiri.

Kushusha joto la tangi kwa kudumu, feni inayopuliza juu ya maji ndo nafuu, inashusha nyuzi mbili tatu kwa kukausha maji, ila itabidi uwe unajazia maji yaliyotolewa klorini na mfuniko uwe wa wavu. Chupa za barafu zinasaidia siku moja ya dharura, ukizitegemea joto linapanda na kushuka kama mnyama yuko kwenye lifti na hilo lenyewe ni stresi. Kama chumba chako kinakaa juu ya nyuzi 25 muda mrefu wa mwaka, utahitaji mashine ya kupoza maji, hamna ujanja, na ni bora ulijue hilo kabla hajakua.

ZA DAKTARI, USISUBIRI

Wekundu wa michirizi au madoa kwenye ngozi, miguu na tumbo ambao haupungui baada ya siku moja kwenye maji masafi. Tumbo limejaa maji, limevimba pande zote na ngozi imevutika, sio lile la kushiba ambalo kwa mtoto unaona chakula chenyewe ndani. Kidonda kinachozidi kula nyama. Kukosa usawa, anajigeuza tumbo juu. Hajala wiki nzima na vipimo vyote viko sawa. Tafuta daktari wa wanyama anayejua amfibia, piga simu uulize kabla ya kwenda, maana wengi hawajawahi kumgusa. Mpeleke kwenye chombo chenye maji yake, kifunike asione mwanga, na beba majibu ya vipimo vyako kwenye karatasi, ndo kitu cha kwanza atakuuliza.

ZINAZOTISHA BURE

Kupanda juu kuvuta pumzi moja na kushuka, kawaida, isipokuwa akifanya kila dakika, hapo oksijeni ni ndogo au maji ni mabaya. Kukaa bila kusogea saa nzima chini, kawaida. Kutikisa matamvua kwa ghafla, anayasafisha. Macho hayafumbi sababu hana kope, kwa hiyo taa kali zinamsumbua na hahitaji taa yoyote kwa afya yake, taa ni ya mimea na ya wewe kumwona. Rangi kubadilika kidogo akiwa anakua au akihamia chini peusi, kawaida. Waliopauka wenye macho meusi wanakuwa wa pinki wakitoka kukimbia, alafu inarudi.

Matamvua yakisinyaa pamoja na pezi la mgongoni na kope zikaanza kuota, huyo anageuka kuwa wa nchi kavu. Ni nadra sana kutokea peke yake. Hapo mshushie maji, mpe sehemu ya kutoka nje ya maji apande, na mwite daktari, kwa sababu mnyama wa namna hiyo asipopata pa kupanda atazama humo humo kwenye maji aliyozaliwa.